Mwana wa Nani? Asili na Historia ya Majina ya Ukoo ya Wawelisi



1.0 Utangulizi

Naushukuru uongozi wa chuo kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Huenda baadhi yenu mmeshangaa kwamba katika jukwaa la taaluma za Kiswahili nimechagua kuzungumzia majina ya watu wa Wales, nchi ndogo inayopakana na England kwa upande wa magharibi. Sababu yangu ni kwamba mfumo wa kale wa majina ya Wawelisi ulishabihiana sana na mfumo wetu wa *bin* na *binti*, nao uligeuka kuwa mfumo wa majina ya ukoo katika kipindi ambacho kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Kwa hiyo, tunaweza kuona hatua kwa hatua kinachotokea pale maelezo juu ya mzazi yanapogandishwa yakawa jina. Hoja yangu ni hii: jina la ukoo la Kiwelisi ni kirai kilichoganda. Sarufi imebaki ndani yake, lakini habari iliyobebwa na sarufi hiyo imepotea.

2.0 Nasaba kama hati

Katika Wales ya zama za kati, mtu alitajwa kwa jina lake likifuatwa na jina la baba, na ilipobidi, la babu na la baba wa babu. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala aliyeuawa mwaka 1282, alikuwa Llywelyn mwana wa Gruffudd. Dafydd ap Gwilym, mshairi mashuhuri wa karne ya 14, alikuwa Dafydd mwana wa Gwilym. Mwanamke alitumia neno *ferch*, yaani ‘binti wa’, wala hakuliacha jina la baba yake alipoolewa. Hapa msikilizaji wa Kiswahili yuko nyumbani, kwani Muyaka bin Haji na Siti binti Saad walitajwa kwa kanuni iyo hiyo.

Nasaba hizo hazikuwa pambo. Kwa mujibu wa sheria za jadi zinazohusishwa na mfalme Hywel Dda wa karne ya 10, ardhi ya marehemu iligawanywa miongoni mwa wanawe. Aidha, mtu alipouawa, jamaa wa muuaji walichangia fidia na jamaa wa marehemu waliipokea. Asiyeweza kuwataja wazee wake alikuwa katika hatari ya kukosa haki yake. Mnyororo wa *ap* ulikuwa hati ya ardhi iliyohifadhiwa kwa ulimi.

3.0 Ushahidi wa sauti

Neno *ap*, au *ab*, limetokana na *mab*, ‘mwana’. Katika Kiwelisi, konsonanti ya mwanzo wa neno hubadilika kufuatana na mazingira ya kisarufi. *Mab* huwa *fab*, ambapo herufi *f* husomwa kama *v*. Sauti hiyo dhaifu ilidondoka, ikabaki *ab*. Wasemaji wa Kiswahili hatupaswi kustaajabu, kwani nasi tuna *-refu* na *ndefu*, *ulimi* na *ndimi*, ingawa kanuni zetu ni nyingine.

Jina la baba lilipoanza kwa irabu, sauti *b* ilijiunga nalo. *Ab Owen* ikawa Bowen, *ab Einon* ikawa Beynon, na *ab Evan* ikawa Bevan, jina la waziri Aneurin Bevan aliyeasisi Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza mwaka 1948. Jina la baba lilipoanza kwa *h* au *rh*, sauti zisizo ghuna, iliyojiunga ilikuwa *p*: *ap Rhys* ikawa Price, *ap Hywel* ikawa Powell, *ap Huw* ikawa Pugh, na *ap Harry* ikawa Parry. Mbele ya konsonanti kama *d* na *g*, kwa kawaida muungano haukutokea. Ndiyo maana Dafydd na Gruffudd wametuachia Davies na Griffiths.

Chanzo kingine ni sifa za watu. *Llwyd*, ‘kijivu’, ni asili ya Lloyd. *Coch*, ‘nyekundu’, likifuata jina la mtu huwa *goch*, na kutoka hapo tumepata Gough. *Bychan*, ‘mdogo’, huwa *fychan*, asili ya Vaughan, na aghalabu lilimtofautisha mwana na baba mwenye jina lilo hilo. Herufi za mwanzo za Gough na Vaughan ni nyayo za kanuni ya sarufi. Mtu aitwaye Price, hata asipojua neno moja la Kiwelisi, hutamka mabaki ya ‘mwana wa’ kila anapojitambulisha.

4.0 Kalamu ya karani

Sheria za mwaka 1536 na 1543, zilizotungwa wakati wa Mfalme Henry VIII, ziliiunganisha Wales na England na kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama. Ile ya pili ilikomesha pia desturi ya kugawanya ardhi miongoni mwa wana wote. Sheria hizo hazikuwaamuru Wawelisi wawe na majina ya ukoo. Hata hivyo, karani alihitaji jina fupi lisilobadilika. Mapokeo yanasimulia juu ya bwana mmoja, Thomas ap Richard ap Howell ap Ieuan Fychan, ambaye jina lake liliwachosha wakuu wa mahakama, akatakiwa ajiite kwa makazi yake, Mostyn. Wakubwa walitangulia kubadili na wanyonge wakafuata. Katika baadhi ya sehemu za mashambani, utaratibu wa zamani ulidumu hadi karne ya 18 na hata baada yake.

Wengi waliongezewa *-s* ya umilikishi ya Kiingereza: Jones, ‘wa John’, Williams, ‘wa William’. Kufikia wakati huo, majina ya kale kama Goronwy na Iorwerth yalikuwa yamewapisha John, David, Thomas na William. Matokeo yake ni kwamba Jones ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote nchini Wales, ingawa alfabeti ya jadi ya Kiwelisi haina herufi J. Isitoshe, jina moja la Kilatini, Johannes, limezaa Jones, Evans na Bevan. Kwa upande mwingine, akina Jones wawili wanaopakana nyumba huenda hawana babu mmoja. Jina la ukoo limeshindwa kutambulisha ukoo.

Jamii haikunyamaza. Vijijini, mtu alitambulishwa kwa kazi au kwa shamba lake: Jones wa maziwa si Jones wa duka. Washairi walijipa majina yao; Ellis Humphrey Evans, aliyeuawa vitani mwaka 1917, anakumbukwa kwa jina la Hedd Wyn. Tangu karne ya 20, baadhi ya familia zimerejesha *ap* na *ferch*.

5.0 Hitimisho

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alibeba jina la baba yake bila hata *bin*. Angalizaliwa Wales ya kale, angaliitwa *ap Robert*, na wajukuu wake pengine wangeitwa Probert au Roberts.

Nasi tuko mbele ya karani yule yule. Fomu zetu zina nafasi ya “jina la ukoo”. Mmoja hujaza jina la baba, mwingine la babu. Mimi hutumia jina la babu. Mdogo wangu wa tumbo moja hutumia la baba. Tulipofuatilia mirathi ya marehemu baba yetu, ofisi moja ilitutaka tuthibitishe kwamba sisi ni ndugu. Hatukuokolewa na karatasi. Alituokoa shangazi yetu mzee, aliyesimama akataja wazee wetu mmoja baada ya mwingine mpaka karani akaweka kalamu chini.

Shangazi huyo sasa ni marehemu. Kwa hiyo nawausia wanafunzi wangu: mnapokwenda uwandani kukusanya majina, msiridhike na yaliyomo katika daftari. Ulizeni “mwana wa nani?”, kisha ulizeni tena, na kuandika jibu lote, maadamu wapo wanaoweza kulijibu.