Unyevu Ulio Ndani ya Gunia



Ndugu zangu wa Chepsaita, nanyi wasomaji, sisi huku Eldoret ni watu wa mahindi. Basi mada yangu ni mahindi, na mwanasayansi wetu mmoja Mkenya, Dkt. Charity Mutegi.

Mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua ini, 125 wakafariki. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Muuaji ni aflatoksini, sumu ya ukungu. Haina harufu wala ladha, na moto wa jikoni hauimalizi.

Dkt. Mutegi akaingia kazi ya kutafuta chanzo na dawa. Jamani, si kazi ya macho. Kipimo cha Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo, mwisho. Piga hesabu: ni sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari katika magunia 11,000 ya kilo 90! Tena sumu haienei sawasawa. Punje chache zaweza kuharibu gunia zima. Ndiyo maana sampuli huchotwa pande nyingi, husagwa, huchanganywa, ndipo hupimwa maabara.

Hakuishia kupima. Yeye na wenzake wa KARI na IITA wakatumia ukungu wa jamii ileile usiotoa sumu, ukimwagwa shambani unawahi nafasi ya ule mbaya. Ukaitwa Aflasafe KE01. Mwaka 2013 akatunukiwa Tuzo ya Norman Borlaug, na 2018 kiwanda cha dawa hiyo kikafunguliwa Katumani, Machakos.

Utauliza, haya na Ramadhani wapi na wapi? Kumbuka Mtume (s.a.w.) sokoni alipotia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasingizia mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuuweka juu watu wauone, akaikemea ghushi.

Basi wewe unayeanika, turubai si udongo, na usifunge gunia kabla unyevu haujashuka asilimia 13.5. Wewe unayeuza, usifiche mabichi katikati. Kuna mtoto atafuturu uji wake. Nawe wa kidato cha tatu unayesema kemia ngumu, shika kitabu. Vidole vya Mtume vilikuta maji. Sumu hii inangoja vidole vyako maabara.

Wabillahi tawfiq.