Funika Shimo la Maji Machafu, Zuia Matende

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti Ndogo ya Magarini



Kila boma hutoa maji machafu kila siku: ya kuosha vyombo, kufua na kuoga. Gongoni, Mambrui, Marafa hata Fundisa, mengi huishia kwenye tangi la chini ya ardhi au shimo nyuma ya bafu. Mwenye nyumba hulikumbuka siku linapofurika. Mbu hulijua mapema zaidi.

Kuna mbu anayependa kutaga kwenye maji machafu na kuuma usiku. Hapa pwani ni miongoni mwa wanaoeneza matende na mabusha, kwa kubeba vidudu vya minyoo kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Minyoo hiyo huishi mwilini kwa miaka, na mtu anaweza kuwa nayo muda mrefu kabla mguu haujavimba. Ndiyo maana hata anayejiona mzima huhimizwa kumeza dawa zinapogawiwa.

Lakini dawa pekee haimalizi kazi. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, wakazi walipewa dawa, na mashimo yenye maji yakamwagiwa punje nyeupe nyepesi za plastiki, za aina ile inayozuia televisheni mpya isivunjike kwenye boksi. Punje zilielea zikafunika maji, viluwiluwi vikakosa hewa. Mbu walipungua sana, na maambukizi yakabaki chini kwa miaka. Katika kijiji kingine cha huko kilichopewa dawa peke yake, maambukizi yalianza kupanda tena.

Somo kwa Magarini ni hili: meza dawa, na shimo nalo litunzwe. Hatua zenyewe ni rahisi:

• Mabaki ya chakula yachujwe kabla ya kumwaga maji. Mafuta yaliyotumika kukaangia yasimwagwe humo. Huganda na kuziba njia ya maji.

• Mfuniko ukae sawasawa na nyufa zizibwe kwa saruji. Bomba la hewa lifungwe wavu wa mbu mdomoni.

• Pipa au beseni la maji yaliyotumika limwagwe na kusuguliwa kila wiki. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10.

• Oili chafu ya gari isimwagwe shimoni. Hupenya ardhini na kuharibu visima.

• Kabla ya kuchimba shimo jipya, afisa wa afya ya umma aulizwe mahali panapofaa, mbali na kisima.

Katika nyumba za kupanga, bafu huwa moja na wapangaji wengi, kila mmoja akimngoja mwenzake. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yanayozalisha mbu kuwa kero, na mwenye nyumba au mkaaji anaweza kuamriwa aiondoe. Ni nafuu kununua mfuniko kabla ya kufika huko.

Aliyekwisha kuvimba mguu asijifiche. Kuuosha kwa sabuni na maji safi kila siku na kuukausha vizuri hupunguza maumivu na homa za mara kwa mara. Mabusha nayo hutibiwa kwa upasuaji. Afike zahanati iliyo karibu aelekezwe.