HISA YAKO NI MALI YAKO, ITUNZE

(Maneno tuliyowaambia wanachama kikaoni. Tunayabandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)

Ndugu wanachama,

Ushirika hapa Songea si jambo la jana. NGOMAT, chama kikuu cha wakulima wa tumbaku wa Ungoni na Umatengo, kilianza mwaka 1936. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu nchini, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika mabadiliko kama hayo, kinachomsemea mkulima ni karatasi yake.

Msimu uliopita mjane mmoja alikuja kuulizia hisa za marehemu mumewe. Daftari letu lilionyesha hisa mbili. Mama akafungua kopo la majani ya chai, akatoa stakabadhi za hisa tano! Kumbe fedha zilikatwa kwenye malipo ya ufuta, zikaandikwa kituoni, daftari kuu halikuguswa. Kosa lilikuwa letu, na tumelisahihisha. Lakini jamani, kopo lile lingeungua je?

Basi tuelewane mambo matatu.

Kwanza, hisa ni umiliki. Katika ushirika, mwenye hisa tano na mwenye hisa mbili kila mmoja ana kura moja Mkutano Mkuu. Kampuni si hivyo. Kule kura hufuata wingi wa hisa.

Pili, kodi. Wako wenzetu wenye hisa za kampuni. Gawio likiwa Sh. 100,000, kwa kawaida hukatwa kodi ya zuio asilimia 10, mkononi zinafika 90,000. Kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hukata asilimia 5. Ukiona fedha imepungua usianze kugombana na karani. Dai kwanza hati ya makato.

Tatu, mrithi. Yule marehemu hakuandikisha mrithi wa hisa zake. Shemeji nao wakadai. Ikambidi mama aende Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, nauli juu ya nauli, na huku msimu wa kulima unampita. Jina moja tu daftarini lingempunguzia taabu hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya Mkutano Mkuu, kila mmoja aje ofisini na stakabadhi zake, tulinganishe na daftari, na ataje mrithi wake. Msione haya kutukagua. Daftari ni lenu, sisi tumekabidhiwa tu.

Ushirika ni nguvu!

Bodi ya Chama