Tulichokikuta Ndani ya Simu ya Mama



Ndugu zangu vijana, baba zetu na mama zetu,

Kwetu nyumbani, simu ya mama ndiyo inayotuamsha daku. Kwa muda mrefu ilikuwa inalala chini ya mto wake, imechomekwa chaji usiku kucha, isije ikazima kabla ya saa kumi. Mwaka jana, kumi la mwisho, kifuniko cha nyuma kikaanza kuinuka. Mama akasema ni gundi imechoka. Akaifunga kwa mpira, akaendelea kuilalia.

Mimi nikaichukua, nikaipeleka kwa ami yangu ambaye ni fundi wa simu. Akaizima, akaniambia, "Mwanangu, kaa hapa utazame. Usiguse kitu mpaka nikwambie."

Akakiondoa kifuniko taratibu, akafungua skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kitu cha kwanza alichokichomoa ni waya wa betri, ili umeme usiendelee kupita. Kisha akanionyesha moja baada ya moja: kamera, spika, na mota ndogo inayoifanya simu itetemeke. Halafu bodi, ambayo juu yake mna chipu nyeusi isiyofikia ukubwa wa stempu. Ndani ya chipu ile mna swichi ndogo ndogo kwa mabilioni. Wallahi nilistaajabu.

Lakini ami hakutaka nitazame chipu. Alitaka nitazame betri. Ilikuwa imefura kama mahamri!

Je, ndugu msomaji, unajua kwa nini betri hufura? Ndani yake mna tabaka nyembamba zilizopangwa pamoja, na baina yake mna umajimaji unaoshika moto upesi. Betri ikizeeka, ikipata joto jingi au ikiumia, umajimaji ule huharibika ukatoa gesi. Gesi haina pa kutokea, basi betri hufura. Ikitobolewa au ikibanwa, tabaka zikagusana, moto huwaka ghafla. Na mama yangu alikuwa akiweka kichwa chake juu yake kila usiku, kwa sababu ya daku yetu sisi.

Jambo la pili alilonieleza ami ni kobalti, madini yaliyomo katika betri za simu nyingi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na nyingi hutoka upande wa Kolwezi, ambako watu wanasema Kiswahili kama mimi na wewe. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyoeleza kuwa watoto walikuwa wakifanya kazi katika machimbo yale. Basi kile tunachokitupa jaani kwa kuwa limetoka toleo jipya, kuna mtu amekitolea jasho, na pengine ni mtoto. Dini yetu imekataza israfu, nasi tunadhani israfu ni ya chakula cha futari peke yake!

Kwa hivyo vijana wenzangu, nina haya machache. Usichaji simu chini ya mto wala juu ya godoro. Ukiona kifuniko au kioo kimeinuka, izime, usiichaji tena, usiibane wala kuitoboa. Mpelekee fundi anayejua kazi yake. Betri mbovu usiitupe jaani, maana taka zetu huchomwa moto na watoto wako pale pale. Na simu inayoweza kutengenezwa, itengeneze.

Ami alitia betri mpya. Simu ni ile ile, na mwaka huu pia inatuamsha daku, lakini sasa inalala juu ya meza, mbali na kitanda. Leo usiku, kabla ya kulala, nenda katazame simu ya mama yako imewekwa wapi.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.