Aaliyah: Habari za Mwimbaji na Karatasi Tatu

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Msikilize kwanza, kisha msome tena polepole pamoja na mwalimu wenu.)

Leo tutaacha kidogo habari za mbolea na za kuchemsha maji. Tutazungumza habari za binti mmoja wa Marekani aliyekuwa mwimbaji na mchezaji wa sinema. Jina lake ni Aaliyah.

Pengine mzee mmoja atauliza, "Mwimbaji wa Marekani ananihusu nini mimi mwenye shamba na watoto?" Swali hilo ni la haki. Lishikeni, tutalijibu kabla ya kuagana.

Tuanze na jina. Aaliyah ni jina lenye asili ya Kiarabu. Kwetu wako akina Aliya, na maana ni ile ile: aliye juu, aliyetukuka. Jina lake kamili lilikuwa Aaliyah Dana Haughton. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1979 katika mtaa wa Brooklyn, mjini New York. Alipokuwa mdogo wazazi wake walihamia Detroit, mji mashuhuri kwa viwanda vya magari, na huko ndiko alikokulia.

Alianza kuimba mapema. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alikwenda kwenye mashindano ya televisheni yaliyoitwa Star Search. Hakushinda. Watoto wengi wangelia na kuacha. Yeye hakuacha. Alipotimiza miaka 11 aliimba jukwaani katika mji wa Las Vegas pamoja na Gladys Knight, mwimbaji mkubwa aliyepata kuwa mke wa mjomba wake. Mjomba huyo, Barry Hankerson, alikuwa na kampuni ya muziki. Aaliyah akaingia katika kampuni hiyo angali mtoto.

Santuri yake ya kwanza ilitoka mwezi wa Mei 1994. Hapa neno santuri lina maana ya mkusanyo wa nyimbo, ambao vijana huuita albamu. Santuri ya pili ilitoka mwaka 1996. Katika hiyo alifanya kazi na vijana wawili ambao wakati huo hawakujulikana sana, Timbaland na Missy Elliott. Muziki wao ulikuwa mgeni masikioni. Ngoma zilikatika na kurudi ghafula, na juu yake sauti ya Aaliyah ilipita polepole, laini, bila kupiga kelele. Waimbaji wengi waliofuata wamejifunza kwake.

Tena sikilizeni jambo hili. Pamoja na umaarufu wote huo, hakuacha shule. Alisoma katika shule ya sekondari ya sanaa mjini Detroit, akamaliza mwaka 1997. Hesabuni: toeni 1979 katika 1997. Alikuwa na miaka 18, na tayari alikuwa na santuri mbili zilizouzwa kwa mamilioni.

Mwaka 1998 aliimba katika sherehe ya tuzo za Oscar, ambayo ni sherehe kubwa ya watu wa sinema. Mwaka 2000 akaingia mwenyewe katika sinema iitwayo Romeo Must Die, akicheza pamoja na Jet Li, bingwa wa kupigana kwa mikono kutoka China. Hadithi yake imechukua mbegu kwa Shakespeare: kijana na binti wa jamaa mbili zenye uadui.

Katika sinema hiyo mlikuwamo wimbo wake uitwao Try Again. Sisi watu wa redio tuna sababu ya kuukumbuka. Huko Marekani kuna orodha ya nyimbo zinazopendwa kila wiki. Zamani wimbo haukuingia katika orodha hiyo mpaka uwe umetolewa peke yake na kuuzwa dukani. Baadaye kanuni ilibadilishwa. Mwezi wa Juni 2000 wimbo huu ukawa wa kwanza kufika namba 1 kwa kupigwa redioni tu, bila kuuzwa dukani peke yake. Redio ndiyo iliyoupandisha.

Hiyo ndiyo kazi yake, na ilikuwa kazi njema. Sasa nitawaeleza habari za karatasi tatu. Tegeni masikio.

KARATASI YA KWANZA: UMRI

Nyimbo karibu zote za santuri ya kwanza ziliandikwa na kutengenezwa na mwimbaji mwanamume, R. Kelly. Tarehe 31 Agosti 1994, huko Illinois karibu na Chicago, mtu huyu alifunga ndoa na Aaliyah. Yeye alikuwa na miaka 27. Je, Aaliyah alikuwa na miaka mingapi? Chukueni kalamu. Toeni 1979 katika 1994. Mmepata ngapi? Ndiyo, 15.

Lakini cheti cha ndoa kilisema 18. Sheria ya Illinois haikumruhusu mtoto wa miaka 15 kuolewa. Basi tarakimu ilibadilishwa. Tazameni jinsi tofauti ilivyo ndogo kwenye karatasi: ni 8 mahali pa 5. Katika maisha ya mtoto tofauti hiyo ni miaka mitatu, nayo ni mingi.

Jina la santuri ile ya kwanza, kwa Kiswahili, lina maana ya kwamba umri ni tarakimu tu. Maneno hayo hayakutungwa na mtoto. Yalitoka kwa mtu mzima. Nasi tunaojifunza tarakimu katika madarasa haya tunajua vingine. Tarakimu ya umri ni ukuta wa kumlinda mtoto. Ukuta huo ukibomolewa, yeyote huingia.

Ndoa hiyo ilibatilishwa na mahakama mwaka 1995, maana yake ilihesabiwa kama haikuwako. Lakini kesi haikufika upesi. Ilipita miaka 26. Mwezi wa Septemba 2021 mahakama ya Brooklyn, mtaa ule ule alikozaliwa Aaliyah, ilimtia R. Kelly hatiani kwa makosa mengi juu ya wasichana na wanawake. Mojawapo ya mambo yaliyothibitishwa lilikuwa rushwa iliyotolewa mwaka 1994 ili kupata kitambulisho cha uongo cha Aaliyah. Shahidi mmoja alieleza kwamba mtumishi wa ofisi moja alipewa dola 500. Mwezi wa Juni 2022 R. Kelly alihukumiwa kifungo cha miaka 30.

Aaliyah hakuiona siku hiyo. Alikuwa amekwisha kufa, na sababu yake inatupeleka kwenye karatasi nyingine.

KARATASI YA PILI: UZITO

Mwezi wa Julai 2001 Aaliyah alitoa santuri ya tatu. Mwezi uliofuata alikwenda visiwa vya Bahama kupiga picha za sinema za wimbo mmoja. Jumamosi tarehe 25 Agosti kazi ikaisha, nao wakataka kurudi Florida jioni ile ile. Wakapakia vitu vyao katika ndege ndogo ya injini mbili. Abiria walikuwa 8, na rubani 1. Ndege iliruka, haikwenda mbali, ikaanguka karibu na mwisho wa uwanja na kuwaka moto. Watu wote 9 walikufa. Aaliyah alikuwa na miaka 22.

Wachunguzi walipima na kuhesabu. Waliona kwamba uzito wa watu, mizigo na mafuta ulizidi sana kiasi kilichoruhusiwa kwa ndege ile. Tena mzigo ulielemea nyuma. Ninyi wenye baiskeli mnajua jambo hili. Ukifunga gunia zito mno nyuma ya baiskeli, gurudumu la mbele huinuka, nawe huwezi kuiongoza. Ndege nayo ni hivyo hivyo, ila ndege haina mahali pa kusimama njiani ili mzigo ufungwe upya.

Walikuta pia kwamba rubani hakuwa na idhini ya kuendesha ndege ile kwa kampuni ile, na mwilini mwake mlikuwa na pombe na kokeini.

Kila ndege ina maandishi yanayosema uzito wake wa mwisho. Kabla ya kuruka, rubani hupaswa kujumlisha: watu kadhaa, mizigo kadhaa, mafuta kadhaa. Jumla ikizidi, kitu kishuke. Ni hesabu ya kujumlisha tu, kama ile mliyojifunza. Siku ile, hesabu hiyo ingefuatwa, mizigo ingebaki chini na watu wangebaki hai.

Mazishi yalifanywa New York tarehe 31 Agosti 2001. Njiwa weupe 22 waliachiwa waruke, mmoja kwa kila mwaka wa maisha yake. Sinema yake ya pili, Queen of the Damned, ambamo alicheza kama malkia wa kale wa Misri, ilionyeshwa mwaka 2002, yeye hayupo.

KARATASI YA TATU: MALI

Mtu akiimba, wimbo ni wa nani? Wengi hujibu, "Ni wa mwimbaji." Mara nyingi sivyo. Ziko haki mbili. Ya kwanza ni ya aliyetunga maneno na sauti. Ya pili ni ya mwenye ile sauti iliyonaswa studio, na kwa kawaida huyo ni kampuni iliyolipa gharama. Mkataba ndio unaosema nani ana nini.

Siku hizi watu husikiliza nyimbo katika simu kwa njia ya intaneti. Lakini kwa miaka mingi santuri ya pili na ya tatu za Aaliyah hazikuwamo humo. Kijana aliyezaliwa baada ya 2001 aliweza kulisikia jina lake, asizisikie kwa urahisi nyimbo zake bora. Sababu ni kwamba zilikuwa mali ya kampuni ya mjomba wake, nayo haikuzitoa. Zilianza kutolewa tarehe 20 Agosti 2021, karibu miaka 20 kamili baada ya kifo chake. Hata hapo warithi wake walieleza hadharani kwamba hawakuridhika. Walitaka uwazi na hesabu kamili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari likiwapo lakini limeshikwa na mwingine, wewe husubiri.

Sasa turudi kwa mzee wetu na swali lake. Aaliyah alijua kusoma, na alisoma vizuri. Karatasi mbili za kwanza zilikuwa mikononi mwa watu wazima. Mmoja aliandika uongo, mwingine hakufanya hesabu, na wengine walinyamaza. Basi, mzee wangu, wewe uliye na binti nyumbani ndiwe mtu mzima wake. Ikiletwa karatasi yenye jina lake, isome wewe mwenyewe. Ikiwa neno moja halikueleweki, usitie sahihi wala dole gumba siku hiyo. Sema, "Nitakuja kesho," kisha mwendee mwalimu wako. Anayekuharakisha utie sahihi, muulize haraka yake ni ya nini.

Nawatakia kisomo chema. Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Cheti: karatasi ya serikali inayothibitisha jambo, kama kuzaliwa au ndoa.
Kubatilisha: kulifanya jambo lisiwe na nguvu ya sheria.
Idhini: ruhusa.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
Mrithi: mtu anayepata mali ya marehemu.

MASWALI YA DARASANI

1. Aaliyah alikuwa na miaka mingapi santuri yake ya pili ilipotoka? Andikeni hesabu yenu ubaoni.
2. Cheti cha ndoa kilisema nini, na kweli ilikuwa nini?
3. Mashua inaruhusiwa kuchukua kilo 900. Watu 10 wana kilo 65 kila mmoja, na mizigo ni kilo 300. Je, iondoke? Kama sivyo, kishuke nini, na kilo ngapi?
4. Watoto wako wana vyeti vya kuzaliwa? Vimewekwa wapi? Leteni kimoja darasani, tukisome pamoja.