Unadhifu wa Brashi na Sponji za Kujipamba: Mada Iliyosomwa Mbele ya Wapambaji wa Nakuru



Maudhui niliyopewa, ya kusafisha na kuhifadhi brashi na sponji za kujipamba majumbani, huenda yakaonekana kwa mtu asiyeijua kazi yetu kuwa ni jambo hafifu lisilostahili kikao. Walakini mwenye kuikalia kazi hii anajua kwamba uso wa mtu ni amana, na kwamba bibi harusi anapofumba macho na kumwachia mpambaji kope zake, amemkabidhi kitu kisicho na badali. Neno langu leo ni moja, na yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo: kuosha ni kazi nyepesi, tena wengi wetu tunaijua; uzito wote uko katika kukausha.

Wazee wetu wa pwani, ambao kwa mambo ya urembo ni mabingwa wa tangu na tangu, walitia wanja kwa kijiti laini kisicho nywele wala vitundu, wakisha hukifuta kwa kitambaa safi kikawa tayari. Na liwa waliisaga juu ya jiwe wakaipaka kwa vidole, navyo vidole kila mtu hunawa. Sisemi kwamba desturi ile haikuwa na madhara yake, kwani wanja wa jiwe aghalabu huwa na madini ya risasi ndani yake, na kijiti kimoja kikipita jicho la mama kikaingia la mtoto hubeba maradhi ya macho. Na majirani zetu wa Baringo na Narok, ambako trakoma imewasumbua watu miaka mingi, wanafahamu jinsi vidole, vitambaa na nzi vinavyotosha kuyahamisha maradhi hayo kutoka jicho hadi jicho. Ila kijiti hakikuwa na mahali pa kuficha uchafu. Leo tunazo brashi zenye nywele chungu nzima, na tunayo sponji ile ya umbo la yai, aliyoibuni mpambaji wa Marekani aitwaye Rea Ann Silva mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipokuwa akiwapamba waigizaji wa televisheni, ambayo tabia yake ni kwamba haifanyi kazi barabara mpaka itiwe maji, ikamuliwe, ivimbe, ndipo iguse uso. Hapo ndipo penye mashaka, kwa kuwa kitu kinachotumika kikiwa na maji, kisha kikafungiwa mkobani na maji yake, na mafuta yake, na ngozi iliyobanduka usoni mwa watu, kimepewa kila kinachohitajiwa ili kiote kuvu.

Msidhani nawatia hofu bure. Mwaka 2019 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, Amreen Bashir na Peter Lambert, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya vipodozi na zana za kujipamba 467 vilivyokwisha kutumiwa na watu, wakaona kwamba baina ya asilimia 79 na 90 ya vitu hivyo vilikuwa na bakteria, na kwamba sponji ndizo zilizovipita vyote kwa uchafu; asilimia 93 ya sponji hizo hazikupata kuoshwa, na asilimia 64 zilikuwa zimekwisha kuanguka chini, zikaokotwa, na kazi ikaendelea. Miongoni mwa vijidudu vilivyopatikana ni Staphylococcus aureus, mwenye kuleta majipu na usaha, na E. coli, ambaye makao yake ni matumboni. Namna alivyosafiri kutoka huko hadi shavuni sina haja ya kuieleza mbele ya watu wazima. Na hayo ni ya Uingereza, ambako maji ya bomba hayakatiki. Sisi ambao mara nyingi maji tunayanunua kwa mtungi, na brashi hungoja zamu yake nyuma ya vyombo na nguo za watoto, tujikadirie wenyewe.

Hii hapa sponji niliyoipasua katikati kwa wembe asubuhi hii, naomba ipite mikononi mwenu. Kwa nje imeoshwa, nayo ni ya waridi kama ilivyotoka dukani. Bali tazameni moyoni mwake, pale palipo na madoa meusi mfano wa mbegu za papai. Hayo ni kuvu. Sabuni haiyafikii, wala maji ya moto hayayang'oi, na sponji iliyofika hali hiyo, hata ikiwa imenunuliwa kwa bei ya kuuma, haina dawa ila jaa la taka.

Sasa niseme kidogo juu ya kuosha. Maji yawe vuguvugu, si ya moto, kwani brashi ina shingo ya bati ambamo nywele zimeshikwa kwa gundi, na maji ya moto huilainisha gundi hiyo mpaka nywele zikaanza kumwagika juu ya paji la uso wa mteja, aibu ambayo wengine wetu tunaifahamu. Kwa sababu hiyo hiyo brashi huinamishwa, nywele zikielekea chini, isije ikazamishwa nzima ndani ya beseni. Sabuni iwe ya upole: shampuu ya watoto yatosha. Sabuni ya kipande ya kufulia, ijapokuwa mji wetu una jina kwa kuipika, ni kali mno kwa brashi za manyoya ya mbuzi, huyakausha yakawa kama ufagio. Zungusha nywele taratibu katika kiganja, suuza, tia sabuni tena, mpaka maji yanayotoka, ambayo mwanzo huwa na rangi ya chai ya maziwa, yawe meupe kabisa. Visima vingi vya Bonde hili la Ufa vina maji yenye magadi, hutoa povu upesi lakini utelezi wake hauondoki haraka, basi suuza zaidi ya unavyodhani yatosha. Wengine wameniuliza kama floridi ya maji haya, iliyotia rangi meno ya watu wengi wa hapa, itaharibu brashi pia. Haitaharibu, ila kuyachemsha maji ili kuiondoa ni kazi ya bure, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke nayo floridi hubaki pale pale.

Madaktari wa ngozi wa Marekani hushauri brashi zioshwe kila baada ya siku 7 hadi 10. Kipimo hicho ni cha mtu anayejipamba mwenyewe. Mpambaji anayepita nyuso tano Jumamosi moja hana ruhusa hiyo: brashi iliyogusa uso huu isiguse uso mwingine kabla ya kuoshwa, na sponji ya mteja iwe yake peke yake, aende nayo nyumbani. Spiriti ya asilimia 70 hufaa kwa kunyunyizia brashi baina ya mteja na mteja, na hiyo asilimia 70 hushinda spiriti kali zaidi, kwa sababu ni yale maji yaliyomo yanayoisaidia kupenya. Lakini spiriti haiondoi mafuta wala poda, na iwekwe mbali na jiko.

Nafika kwenye kukausha. Mji wetu umekaa juu, kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, usiku wake ni wa baridi, na katika mvua za Aprili na Mei, na tena zile za Julai na Agosti, kitu kilichooshwa jioni hulala kibichi na kuamka kibichi. Januari na Februari jua lipo, ila upepo wa alasiri huleta vumbi laini la majivu ya kale ya volkano za hapa, likatua juu ya brashi iliyoanikwa dirishani na kurudisha tulichokiondoa. Kwa hiyo osha asubuhi. Kamua kwa taulo safi, unyooshe nywele kwa vidole, ulaze brashi ukingoni mwa meza, nywele zikining'inia nje ili hewa izipite pande zote. Usiisimamishe kikombeni ingali na maji, kwani yatashuka shingoni kwenye gundi. Sponji iwekwe juu ya waya, kivulini, mahali penye hewa, na kabla ya kuirudisha mkobani ibanwe kwa nguvu baina ya vidole: ikitoa baridi, haijakauka. Mfuko wa plastiki uliofungwa ni adui wa kazi hii yote. Kitambaa cha pamba ni bora.

Nawaomba basi, kabla hatujaondoka hapa, tukubaliane mambo mawili: kwamba kila sponji iandikwe juu ya mfuko wake tarehe iliyoanza kutumika, isipite miezi mitatu, na kwamba hakuna mpambaji miongoni mwetu atakayemgusa bibi harusi kwa sponji iliyotoka mkobani ikiwa na unyevu wa jana.