Homa ya papasi: maneno yetu kwa akina mama wa Ziba
Akina mama, tukiona homa tunasema malaria. Ipo pia homa ya papasi. Mwaka 1905 Robert Koch alikuta papasi katika vibanda walimolala wapagazi kwenye njia za misafara ya nchi hii. Hujificha kwenye nyufa na vumbi la sakafu, huuma usiku. Bakteria wake hujibandika kwenye ngozi ya chembe nyekundu za damu. Chembe hushikana mafungu, mishipa midogo ikaziba. Mjamzito aweza kupoteza mimba. Kwa hiyo homa inayoondoka na kurudi tusiinywee dawa ya malaria kwa kubahatisha. Tukapime, tone lile lile la damu huonyesha vyote viwili. Na nyufa tuzikandike.